Picha Hufika Kabla ya Mpiga Picha

Tarehe 1 Juni 2017, Nyeri iliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka Dei katika uwanja wa Kabiruini. Mwaka mmoja kabla ya hapo serikali ilikuwa imeanza kuzitoa sikukuu hizo Nairobi na kuzipeleka mashinani, na miji inayouzunguka Mlima Kenya haikusahauliwa katika zamu. Baada ya Nyeri ikaja Meru, uwanja wa Kinoru, mwaka 2018. Kirinyaga ikapata Mashujaa Dei ya 2021 katika uwanja wa Wang'uru, na Embu ikapata Madaraka ya 2023. Kila mara mambo ni yaleyale: bendi ya jeshi haijamaliza wimbo wake, na tayari picha ya rais akikagua gwaride inazunguka kwenye simu za watu walioko Lodwar na Lamu. Hata mtu aliyeketi mstari wa nyuma pale uwanjani, asiyeona ila migongo ya wenzake, huitazama sherehe aliyoihudhuria kupitia picha iliyokwenda Nairobi ikarudi.

Tumezoea kumsifu mpiga picha kwa jicho lake. Tunasema amejua kusimama, amejua kungoja, ameunasa uso kabla haujageuka. Sifa hizo ni halali yake, lakini zinagusa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuitoa picha ndani ya kamera na kuifikisha kwa anayeingoja, na nusu hiyo haiachi alama yoyote kwenye picha yenyewe. Kwa miaka mingi imepitia kwenye kidude kidogo cheusi kinachofungwa kitakoni au ubavuni mwa kamera, ambacho wenye kazi yao hukiita transmita. Mimi ni mtazamaji tu wa kazi hii, lakini nimeitazama vya kutosha kusema jambo moja: kasi tunayoiona ni zao la kazi ya polepole mno. Anayetuma picha kwa sekunde nane ndiye aliyefika uwanjani kabla umande haujakauka.

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Huchukua faili kutoka kwenye kamera na kuirusha kwa mawimbi ya redio, yaleyale ya waifai ya nyumbani, hadi kwenye ruta, kompyuta au simu iliyo jirani. Kutoka hapo faili hushika njia ya intaneti hadi kwenye seva ya gazeti. Nikon ilitoa WT-1 mwaka 2003 pamoja na D2H, kamera ya wanahabari yenye pikseli milioni nne tu. WT-1 ilifungwa chini, kwenye tundu la tripodi, na kuunganishwa na kamera kwa waya mfupi. Mwaka uliofuata Canon ikaleta WFT-E1. Mwaka 2007 Nikon ikatoa WT-4, kisanduku kinachojitegemea, chenye betri yake, ambacho mtu angeweza kukibeba kiunoni. Kufikia WT-5 ya mwaka 2012 kisanduku kilikuwa kimesinyaa kikawa kipande cha kuchomeka ubavuni mwa D4.

Lugha inayozungumzwa na vifaa hivi ni nzee kuliko wengi wanaovitumia. Inaitwa FTP, na iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 na Abhay Bhushan, kijana wa Kihindi aliyekuwa akisoma MIT nchini Marekani, miaka minne kabla ya Steven Sasson kuunda kamera ya kwanza ya dijitali katika kampuni ya Kodak. FTP hufungua njia mbili kati ya mtumaji na mpokeaji: moja ya maagizo na nyingine ya mzigo. Hapo ndipo wanagenzi wengi hukwama. Kamera inapotumia intaneti ya simu, mara nyingi seva haiwezi kuirudia ili kufungua njia ya pili, kwa hiyo picha haiendi ingawa kila kitu kinaonekana kimeungana. Dawa yake ni kuiambia kamera itumie hali inayoitwa pasivu, ambapo kamera yenyewe ndiyo inayofungua njia zote mbili. Ni alama moja ndogo ndani ya menyu. Anayeijua huiweka na kusahau, na asiyeijua huilaumu kampuni ya simu siku nzima.

Nyeri ina historia ndefu ya habari zilizochelewa na zilizowahi. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino walipofika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, wakapokewa Tuthu na Chifu Karuri wa Gakure, kamera ilikuwa miongoni mwa vyombo vyao. Padri Filippo Perlo, aliyekuja kuwa askofu wa eneo hili, alipiga picha nyingi za watu, vijiji na misheni. Ili picha ionekane Italia ilibidi isafiri kwa nchi kavu hadi pwani, kisha ipande meli. Mei 23, 2015, familia hiyohiyo ya Consolata ilikuwa na siku kubwa Nyeri: Sista Irene Stefani, ambaye wenyeji walimwita Nyaatha, alitangazwa mwenyeheri katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam akiongoza misa. Safari hii, aliyekuwa Torino hakuhitaji kungoja meli. Misa haijafika ekaristi, naye anaweza kuziona nyuso za waumini wa Mathari na Gikondi kwenye kioo cha simu.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna Februari 1952. Binti Elizabeth wa Uingereza alilala Treetops, kwenye nyumba ya juu ya mti katika msitu wa Nyandarua, usiku ambao baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki Sandringham. Habari haikumfikia kwa njia rasmi. Ilipitia kwa mwandishi wa habari aliyemfikishia katibu wa Elizabeth pale hoteli ya Outspan mjini Nyeri, naye akapiga simu Sagana, binti huyo alikokuwa amekwenda kupumzika. Serikali nzima ya kikoloni ilitanguliwa na mtu mmoja aliyejua simu iko wapi.

Enzi hizo picha ilikuwa ikitumwa kwa ngoma. Shirika la AP lilianza huduma yake ya kutuma picha kwa waya tarehe 1 Januari 1935. Picha iliyokwisha kusafishwa ilizungushwa juu ya ngoma, mwanga ukaisoma mstari kwa mstari, na sauti ya mistari hiyo ikapita kwenye laini ya simu kwa dakika kumi hivi. Ya rangi ilihitaji kupita mara tatu. Mwandishi wa mikoani hakuwa hata na ngoma. Yeye alitia filamu ndani ya bahasha na kumkabidhi dereva wa gari la abiria, kisha akaomba Mungu barabara ya kwenda Nairobi iwe shwari kwa kilomita zote 150.

Pale pale Outspan ndipo Wangari Maathai aliposimama tarehe 8 Oktoba 2004. Alikuwa njiani kutoka Nairobi akielekea jimboni kwake Tetu, simu ya mkononi ikalia, akaambiwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya Amani. Akapiga magoti, akatia mikono kwenye udongo mwekundu, akapanda mche wa mnandi flemu akiutazama Mlima Kenya. Transmita za kamera zilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu sokoni. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa bado hazijafika Mombasa; zilifika mwaka 2009, na kabla yake data ya kwenda ng'ambo ilitegemea setilaiti. Tangu udongo ule wa Outspan hadi gwaride la Kabiruini ni miaka kumi na tatu isiyotimia. Katika muda huo mfupi ufundi mzima wa kutuma picha ulizaliwa na kukomaa katika miji hii.

Tumtazame fundi mmoja kwa karibu, mtu wa mjini Nyeri anayepigia magazeti picha katikati ya wiki na kupiga harusi Jumamosi. Asubuhi ya sherehe mkoba wake una kamera mbili, transmita, ruta ndogo ya kubebeka, pawabenki, laini za kampuni mbili tofauti, stendi ya taa isiyo na taa, mifuko ya plastiki na utepe wa karatasi. Ya kwanza kupata kazi ni ile stendi. Anaifungua hadi kimo cha mita tatu na kuifunga ruta juu kabisa.

Sababu iko kwenye miili yetu. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na maji huyameza. Binadamu naye sehemu kubwa ni maji. Ruta iliyowekwa juu ya kiti saa moja asubuhi, uwanja ukiwa mtupu, itaionekania kamera kutoka mbali bila shida. Ifikapo saa tano, maelfu ya watu wakiwa wamesimama kati ya ruta na kamera, mawasiliano hukatika, na mwenye ruta hudhani kifaa kimeharibika. Fundi wetu anajua kwamba anapopima uwanja mtupu anapima uwongo, kwa hiyo anayapitisha mawimbi juu ya vichwa vya watu ambao hata hawajafika.

Kisha anachagua mkondo. Katika masafa ya 2.4 mikondo isiyogongana ni mitatu tu, wa 1, wa 6 na wa 11, na uwanja wa sherehe hujaa ruta za watu wa televisheni, za itifaki na za mahema ya kampuni. Anafungua simu yake, anatazama nani ameketi wapi, anaingia palipo na nafasi. Palipojaa kabisa huhamia gigahezi 5, kwenye mikondo mingi zaidi, akijua kwamba huko mawimbi hayafiki mbali na hayapendi kuta wala miti. Ukuta wa mabati anauogopa kuliko mvua. Mfuko wa plastiki ulioifunika kamera hauzuii mawimbi hata kidogo, bali karatasi moja ya bati huyarudisha yalikotoka.

Kazi inayofuata ndiyo inayomtoa jasho mwenye papara. Kamera haina kibodi. Jina la mtandao na nenosiri huandikwa kwa kusogeza kishale juu ya herufi moja moja kwenye kioo kidogo: herufi, bonyeza, herufi, bonyeza, herufi kubwa, rudi nyuma, bonyeza. Kisha anwani ya seva, jina la folda, jina la mtumiaji na nenosiri lake. Fundi huyu hafanyi hayo uwanjani. Ameyafanya usiku nyumbani, akayahifadhi kwenye kamera kwa majina ya mahali: Kabiruini, Ruring'u, Othaya, Kanisa Kuu. Akifika anachagua jina moja na kuthibitisha. Kila kamera ameipa anwani yake isiyobadilika, na ameiandika kwenye kipande cha utepe kilichobandikwa kitakoni. Nambari hizo hazibahatishi wala haachii ruta imgawie, maana ruta ikizimika na kuwaka tena inaweza kugawa upya, na kamera ikabaki ikitafutwa isikokuwa.

Saa za kamera zote mbili anazilinganisha hadi sekunde. Halafu anapiga picha ya uwanja mtupu, viti vya plastiki na bendera zisizo na upepo, anaituma, anachukua simu.

“Mkuu, nimekutumia moja ya majaribio. Imeingia?”

“Imeingia, lakini inasomeka saa tatu na dakika nane. Saa yako iko mbele dakika mbili.”

“Asante, Mkuu. Ngoja niirudishe.”

Mazungumzo hayo hayatachapishwa popote, na ndiyo yatakayomwezesha mhariri baadaye kupanga picha za wapiga picha watano kwa mfuatano ulio sawa, ajue nani alisalimiana na nani kwanza.

Sherehe ikianza, transmita humpa mwenyewe njia mbili. Ya kwanza ni kuiachia kamera itume kila inachopiga. Kamera ya kisasa hupiga picha kumi au zaidi kwa sekunde, na anayechagua njia hii humwaga mamia ya picha zinazofanana juu ya meza ya mhariri, huku ile moja muhimu ikisubiri foleni nyuma ya mia mbili zisizo na maana. Ya pili ni kuchagua. Yeyote aliyekulia Nyeri amewahi kuona wakulima wakiwa wameketi kwenye kiwanda cha kahawa, matunda yamemwagwa chini, mikono ikitoa mabichi na yaliyonyauka kabla mzigo haujafika kwenye mzani. Mpiga picha stadi hufanya kazi hiyohiyo kwa kidole gumba. Anashusha kamera kifuani, anapitia alichopiga, anasimama kwenye ile ambayo macho yako wazi na mkono hauzibi uso, anabonyeza. Kwenye kamera za Nikon mshale mweupe hutokea pembeni mwa picha: imechaguliwa. Mshale ukigeuka kijani, picha iko njiani. Ukigeuka buluu, imefika. Mtazamaji akidhani jamaa anajifurahisha kwa picha zake, kumbe anatazama rangi ya mshale.

Hesabu ya ukubwa nayo ameshaifanya. Picha ghafi ya kamera yenye pikseli milioni 45 huweza kuwa na uzito wa megabaiti 50 hivi. Laini ya simu iliyochoka, inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, itaihangaikia kwa zaidi ya dakika tatu. JPEG iliyopunguzwa hadi megabaiti 2 hupita kwa sekunde nane, na kwa ukurasa wa gazeti inatosha kabisa. Kwa hiyo kamera imepangwa kuandika kwenye kadi mbili: picha ghafi inalala kwenye kadi moja, na ile ndogo inakwenda kwenye kadi nyingine ambayo ndiyo transmita inayoisoma. Akiba haiozi. Mtandao ukifa, kazi yote ingali mkobani, na kesho mwandaaji wa kalenda au kitabu akitaka picha kubwa ataipata.

Picha isiyo na majina ni mzigo kwa anayeipokea. Katika miji hii jambo hilo lina ugumu wake. Wakikuyu humwita mtoto wa kwanza wa kiume kwa jina la babu mzaa baba, na wa pili kwa jina la babu mzaa mama, hivyo jina moja hurudi katika kila nyumba ya ukoo, na binamu wanne wanaweza kusimama kwenye picha moja wakiwa na jina lilelile. Kuandika “Nderitu akipokea tuzo” ni kutosema kitu. Fundi huuliza majina matatu, na huuliza jinsi yanavyoandikwa. Tarehe, mahali na jina lake mwenyewe ameshayapakia kwenye kamera usiku, yajibandike kwenye kila faili. Yaliyobaki huyasema kwa mdomo: kamera kubwa za wanahabari zina kitufe cha kurekodi sauti na kuiambatisha na picha. Utamwona amekaribisha kamera mdomoni akinong'ona majina ya wanakwaya kutoka kushoto kwenda kulia.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakuna kifaa kinachokimaliza. Transmita huifikisha picha kwenye ruta; kutoka ruta hadi Nairobi inategemea mnara wa simu, na mnara ni wa watu wote. Mwai Kibaki, mzaliwa wa Gatuyaini na rais wa Kenya kati ya 2002 na 2013, alizikwa Othaya tarehe 30 Aprili 2022 kwa heshima za kijeshi na mizinga 19. Othaya ni mji mdogo. Umati kama huo unapoinua simu zote kwa pamoja, kila moja ikitaka kupandisha video yake, minara iliyojengwa kwa ajili ya siku ya kawaida ya soko haiwezi kuwahudumia wote. Hapo ndipo zile laini mbili zinapopata maana. Fundi hupima zote mbili kabla umati haujafika na tena ukishafika, maana iliyo na nguvu asubuhi ndiyo iliyopendwa na wengi, nayo ndiyo huelemewa kwanza. Yuko tayari kutembea hadi ukingoni mwa umati, aupe mgongo mnara ulioelemewa na kuutafuta wa upande wa pili wa bonde. Ana ujuzi mwingine ambao hautapatikana katika kitabu cha maelezo: huwekeza kwenye sala. Kasisi akisema “tuombe”, watu hushusha simu na kuinamisha vichwa, mnara hupumua, na picha sita zilizokuwa zimekwama hutoka mfululizo kabla ya “amina”.

Ufundi huu hauishii kwa wanahabari. Miji ya mlimani sasa ina vyuo vikuu kila upande: Dedan Kimathi na Karatina upande wa Nyeri, Kirinyaga, Embu, Chuka, Meru. Kila chuo kina mahafali yake, na kila mahafali yana safu ya mahema nje ya lango, yenye meza, jenereta na mashine za kuchapa picha. Zamani kila mpiga picha alikuwa na kijana wa kukimbia na kadi kutoka kwenye bustani hadi kwenye meza, na kadi zilipotea njiani au zikachanganywa. Mwenye transmita hamhitaji kijana wa mbio. Humweka mezani awe mchapaji. Wakati familia bado inajipanga upya kwa picha ya pili, ya kwanza inatoka.

Inatoka kwa namna inayostahili kutazamwa. Mashine hizi ndogo hazimwagi wino. Huivuta karatasi ndani na kuirudisha mara nne, zikihamisha rangi kwa joto: kwanza picha yote ni ya manjano, kisha inaingia waridi iliyokolea, kisha samawati, na mara ya nne inapakwa utando mwangavu wa kuilinda dhidi ya vidole na maji. Nimemwona bibi mmoja wa Mukurwe-ini, kitambaa kichwani na shada la peremende shingoni ambalo mjukuu alikuwa amemvika, amesimama kwenye meza moja akitazama mapito hayo.

“Kijana, mbona mmenifanya wa manjano?”

“Ngoja kidogo, cucu. Unakuja.”

Alipokuja mwenyewe, akiwa na rangi zake zote, mpiga picha alikuwa bado kule bustanini akiipanga familia nyingine, hajui kwamba picha yake imeshalipiwa.

Harusini kifaa hichohicho kinageuka mkono wa pili. Transmita kadhaa humruhusu mwenyewe kuitazama na kuiamuru kamera kutoka kwenye kivinjari cha simu. Fundi hupanda mapema kwenye roshani ya wanakwaya, hufunga kamera moja kwa vibano na kamba ya usalama, huielekeza madhabahuni, hushuka. Misa ikiendelea yeye yuko chini na kamera nyingine, simu mfukoni, na wakati wa kuvishana pete huibonyeza ile ya juu bila kumkanyaga mtu wala kumziba mama wa bwana harusi. Ameikumbuka hata baridi. Miezi ya Juni hadi Agosti ukungu hulala juu ya Nyeri hadi adhuhuri, betri hudhoofika kwa baridi, na transmita hula chaji muda wote inapotafuta mtandao. Betri za akiba hukaa mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, na transmita huzimwa kila panapokuwa na utulivu.

Kasi ina deni lake. Bahasha ya dereva wa matatu ilimpa mpiga picha muda wa kujuta. Aliweza kupiga simu na kusema ile ya tatu msiitumie. Mshale ukishakuwa wa buluu hakuna wa kupigiwa, kwani picha iko kwenye seva, na ikitoka hapo iko kwenye simu milioni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini sheria hufika baada ya mshale. Kwa hiyo mafundi ninaowaheshimu wana mazoea ya kutazama mara mbili: ya kwanza kuuliza kama picha ni nzuri, ya pili kuuliza kama aliye ndani yake angeikubali. Mjane aliyeanguka kaburini, mtoto aliyejeruhiwa ambaye ndugu zake bado hawajaarifiwa, hizo hubaki bila mshale. Husimuliwa kwamba siku ile ya Februari 1952 wapiga picha waliokuwa nje ya nyumba ya Sagana waliombwa wasimpige yule binti aliyefiwa akiondoka, nao wakaziacha kamera zao. Sehemu ya ufundi wa kutuma ni kujua kutotuma.

Kidude chenyewe kinaelekea kutoweka. Mwaka 2017 Sony ilitoa α9 ikiwa na FTP na tundu la waya wa mtandao ndani kwa ndani, na mwaka 2021 Nikon Z9 ikaja na uwezo huo mwilini mwake. Anayeanza kazi leo huenda asinunue transmita maishani, na nyingi za zamani zinauzwa mkononi kwa bei ya kutupa. Vijana wa Nyeri wanaoingia fani hii huuliza waanze na kifaa gani. Jibu la wakubwa wao ni la kuchosha na ni la kweli: anza kulinganisha saa zako, andika anwani kwenye utepe, uliza majina matatu, chagua picha moja kati ya mia, fika mapema. Mwenye mazoea hayo atatuma picha hata kwa waya wa futi sita uliochomekwa kwenye kompyuta kuukuu, na asiye nayo atasimama Kabiruini na kamera ya shilingi laki nane, akiuliza mbona mshale haugeuki.